Je, Wajua? Bango la Dukani Lilianzia Kwenye Chumvi

Je, wajua kuwa bango la fleksi lililotandazwa mbele ya duka limetoka kwenye chumvi? Ndiyo, chumvi! Fleksi ni plastiki ya PVC, na asilimia 57 ya uzito wa PVC tupu ni klorini, ambayo viwandani hutolewa kwenye chumvi ile ile unayotia kwenye mchuzi. Ukikatiza mtaa wa maduka pale Ifakara, ujue kuta zote mbili zimevaa chumvi yenye picha.

Mjerumani Friedrich Klatte aliiandikia PVC hataza mwaka 1913, lakini ilikuwa ngumu, inavunjika ovyo, haina kazi ya maana. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon akawa anatafuta gundi ya kushikiza mpira kwenye chuma. Gundi hakuipata, akapata PVC laini inayokunjwa bila kuvunjika! Na mwenyewe aliishi hadi akatimiza miaka 100.

Chukua kipande cha fleksi kuukuu, kichane taratibu pembeni. Umeona nyuzi? Katikati ya bango kuna wavu wa nyuzi za poliesta, umefunikwa na plastiki juu na chini. Plastiki hubeba picha, wavu hubeba mzigo wote.

Sasa angalia sehemu nyeupe za bango lolote. Printa nyingi za mabango hazina wino mweupe kabisa! Weupe unaouona ni fleksi yenyewe, na weupe huo unatokana na unga wa titani, ule ule unaotiwa kwenye rangi za nyumba na kwenye dawa za meno.

Kijani nacho hakimo. Printa ya kawaida ina rangi 4 tu: buluu ya sayani, pinki kali ya majenta, njano na nyeusi. Shamba la mpunga wa Kilombero likichapwa ukutani, kijani chake chote ni vidoto vya buluu na njano vilivyosimama jirani. Jicho lako ndilo linalovichanganya. Wewe ndiye uliyepaka kijani!

Washabiki wa soka, sogeeni hapa. Nyekundu ya Simba kwenye bango hutengenezwa kwa majenta na njano. Kijani cha Yanga hutengenezwa kwa sayani na njano. Na jua linapoanza kula wino, hasa wino wa bei rahisi, njano na majenta ndizo hutangulia kuondoka. Kwa hiyo Simba hupauka kuwa waridi, na Yanga hugeuka buluu! Sikutunga hii kuwatania; tafuta bango la tawi lililokaa juani misimu miwili mitatu, ulisimamie mbele, ujionee.

Kwa nini buluu haiondoki upesi? Ina shaba ndani yake! Katikati ya kila molekuli ya rangi hiyo imekaa atomu moja ya shaba, imeshikwa pande zote. Wanakemia wawili wa chuo kikuu cha Fribourg, Uswisi, waliipata mwaka 1927 wakiwa wanatengeneza kitu kingine kabisa. Ndiyo maana picha za saluni zilizozeeka juani huwa na nyuso za buluu.

Nyeusi je? Masizi! Wino mweusi wa mabango kwa kawaida hutiwa rangi kwa unga wa kaboni, yaani masizi yaliyotengenezwa kiwandani kwa makusudi. Masizi hayo hayo ndiyo yanayofanya matairi ya gari yawe meusi.

Tukiwa hapo kwenye rangi na Uswisi, ngoja nikupe moja ya nyumbani. Kampuni ya Geigy ya mji wa Basel ilianza mwaka 1758 kwa biashara ya dawa na rangi. Miaka ikapita, karne zikapita, na mwaka 1939 mkemia wa kampuni hiyo hiyo, Paul Müller, akagundua kuwa DDT inaua wadudu. Mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata, 1949, mtaalamu wa wanyama kutoka ukoo huo huo wa Geigy, Rudolf Geigy, akatia mguu Ifakara. Maabara ndogo ya Waswisi iliyofunguliwa hapo mwaka 1957 ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo dunia nzima kwa utafiti wa malaria. Unaona njia ilivyozunguka? Kutoka duka la rangi la Basel hadi mbu wa bonde la Kilombero!

Haya, turudi kwenye printa. Tone moja la wino wake linaweza kuwa na pikolita 30. Pikolita ni lita moja ukiigawa mara trilioni 1. Maana yake, lita moja ya wino inatoa matone bilioni 33, na ukiamua kuwagawia watu wote waliopo duniani, kila mmoja anaondoka na matone 4, mtoto mchanga naye akiwemo.

Mita moja tu ya mraba, ikichapwa kwa vidoto 360 kwa kila inchi, ina nafasi milioni 200 za vidoto. Hizo ni za rangi moja! Zidisha kwa rangi 4 upate milioni 800. Na pamoja na wingi wote huo, kuijaza mita hiyo ya mraba kwa rangi moja kunakula mililita 6 tu za wino.

Kichwa cha printa cha Epson aina ya DX5, ambacho mafundi wengi wa mabango wanakijua vizuri, kina matundu 1,440. Kinaenea kwenye kiganja chako. Tundu moja likiziba, mstari mweupe unatokea kwenye picha nzima, kuanzia mwanzo wa bango hadi mwisho wake, na mteja ataona huo mstari kabla hajaona jina la duka lake.

Ndiyo maana printa ya mabango haipendi likizo. Wino ukikaa bila kutoka hukauka ndani ya matundu, basi fundi mwangalifu huchapa kipande cha majaribio hata siku ambayo hakuna kazi. Ukimkuta anachapa mistari ya rangi isiyo na maana yoyote, anaokoa kichwa cha printa.

Je, wajua nani alifikiria kurusha wino kwa joto? Bahati ndiyo iliyofikiria! Mwaka 1977, kwenye maabara ya Canon huko Japani, Ichiro Endo aligusisha kwa bahati mbaya chuma cha moto cha kulehemia kwenye sindano ya wino. Wino ukaruka nje. Kutokana na mruko huo mmoja ikazaliwa familia nzima ya printa za nyumbani na za ofisini.

Printa nyingi za mabango zina njia nyingine, na yao ni ya zamani zaidi. Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Muda mfupi baadaye ikaonekana kuwa kinyume chake ni kweli pia: zipe umeme, zitajikunja! Ndani ya kichwa cha printa vipande vya namna hiyo hujikunja maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkunjo unasukuma tone moja. Huyo Pierre ndiye mume wa Marie Curie; wawili hao walipata Nobel mwaka 1903.

Umeme wenyewe je? Bonde la Kilombero lina umeme wa kutosha kujivunia. Kidatu megawati 204, Kihansi megawati 180, na yote ni maji yanayoporomoka kutoka milimani. Halafu zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji yanatoka Kilombero, na Rufiji ndiyo inayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye megawati 2,115. Printa ya Dar es Salaam inapochapa usiku, usishangae ukiambiwa inakunywa maji yaliyopita chini ya daraja la Ifakara.

Daraja hilo, Daraja la Magufuli, lina urefu wa mita 384. Roli moja ya fleksi ina urefu wa mita 50, kwa hiyo roli 8 zinalifunika kutoka Ifakara hadi ng'ambo ya Ulanga, na kipande kinabaki. Roli moja ya upana wa mita 3.2 ina kilo 70! Fundi hainyanyui peke yake.

Maporomoko ya Sanje kule Udzungwa yana mita 170. Ukitaka bango la kuning'inia toka juu hadi chini, unahitaji roli 3 na karibu nusu, na likishaning'inia litakuwa na kilo 240 hivi. Bora tuyaache maji yaendelee kuning'inia yenyewe.

Unadhani bango la ghorofa nzima huchapwa kipande kimoja? Hapana! Printa nyingi kubwa zinaishia upana wa mita 3.2, zilizo kubwa zaidi mita 5. Picha hukatwa vipande, kila kipande huchapwa peke yake, kisha huunganishwa kwa hewa ya moto hadi plastiki iyeyuke na kushikana. Hakuna uzi wala gundi, na kiungo kikishikwa vizuri huwezi kukiona ukiwa chini barabarani.

Sasa jaribio la macho. Jicho zima la binadamu, likiwa umbali wa mita 3.4, linaweza kutofautisha vitu vilivyoachana milimita 1. Ukienda mita 34, vitu hivyo inabidi viachane sentimita 1 nzima. Kwa hiyo bango la juu ya ghorofa linaweza kuchapwa kwa vidoto vikubwa ajabu na bado ukaona uso laini unaokutabasamia! Likishushwa, lisogelee: uso umetoweka, yamebaki madoa tu.

Fundi akikataa kuchapa bango kubwa kwa vidoto 300 kwa inchi, msikilize. Bango la mita 10 kwa 5 kwa kipimo hicho ni faili la gigabaiti 28. Punguza hadi vidoto 72, faili linashuka hadi gigabaiti 1.6, na mpita njia hataona tofauti hata ukimlipa.

Herufi nazo zina hesabu yake. Wachora mabango huenda na kanuni hii: kila mita 3 za umbali zinahitaji sentimita 2.5 za urefu wa herufi ili isomeke bila taabu. Dereva wa bodaboda aliye mita 60 anahitaji herufi ya nusu mita! Ukijaza bango lako namba 5 za simu, orodha ya bidhaa 20 na aya ya shukrani, umemwandikia mtu aliyeegemea ukuta.

Upepo, mwenzangu, upepo! Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukilipiga bango la mita 10 kwa 5 unalisukuma kwa nguvu inayozidi tani 1, sawa na magunia 12 ya mpunga ya kilo mia mia yakiegemea ukuta kwa pamoja. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 4. Fundi anayesisitiza fremu ya skwea paipu nene na boliti zaidi anajua anachokisema. Mwongezee hela ya boliti.

Dawa ya upepo ni matundu. Kuna fleksi ya wavu, yenye matundu madogo uso mzima, inayotundikwa kwenye maghorofa marefu. Upepo hupita, picha hubaki, na ukiwa chini huoni tundu hata moja. Usitoboe tu fleksi ya kawaida kwa kisu ukidhani ni kitu kimoja: kila mchano wa kisu unakata zile nyuzi za poliesta zinazobeba mzigo.

Sikiliza hii ya jua, na ni ya Ifakara yenyewe. Mji uko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara 2 kwa mwaka jua husimama utosini kabisa: mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Siku hizo nguzo iliyosimama wima haina kivuli! Ila usiangalie saa sita kamili. Katikati ya Oktoba ni kama saa sita na dakika 20 mchana, na mwishoni mwa Februari ni kama saa sita na dakika 45, kwa sababu saa za Tanzania zinafuata mstari ulioko baharini, mashariki kwa mbali.

Maana yake kwa mabango ni kubwa. Kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba, miezi 7 na nusu, jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini unachomwa miezi hiyo yote. Ule unaotazama kusini unapata zamu ya miezi 4 na nusu tu! Ndugu wawili wachapishe mabango pacha siku moja, kwa fundi mmoja, wayatundike pande mbili tofauti za barabara, na moja litapauka mapema. Watamlaumu fundi bure.

Fleksi hulegea mchana na kukaza alfajiri, kwa kuwa plastiki hutanuka ikipata joto. Fundi mzoefu hulivuta bango likiwa limepata joto. Akilikaza kwenye baridi ya asubuhi, mchana litakuwa na matumbo.

Stika nzuri za vinaili, zile zinazozungushwa kwenye magari na kwenye kona za kuta, zina unene wa mikroni 50 hivi. Unywele wa kichwani una mikroni 70! Na gundi yake haishiki yote mara moja. Inahitaji karibu saa 24 kufikia nguvu kamili. Aliyekubandikia stika leo jioni akakuomba usiioshe hadi kesho, mtii.

Je, umewahi kukaa ndani ya basi lenye picha kubwa kwenye kioo na bado ukaona nje vizuri? Stika hiyo imejaa vitundu vya milimita 1.5 hivi, na upande wa ndani ni mweusi. Mchana nje kuna mwanga mwingi: aliye nje anaona picha, aliye ndani anaona barabara. Usiku ukiwasha taa ndani, mambo yanageuka! Wewe wa ndani unaona giza, na mpita njia anakuona ukihesabu hela. Wenye maduka yenye vioo vya namna hii, chukueni hiyo.

Sasa shikilia benchi, maana hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2009 msanii Mfaransa anayejiita JR alifunika mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha za macho na nyuso za wanawake wanaoishi hapo hapo. Picha zilionekana kutoka angani! Na nyingi hakuzichapa kwenye karatasi. Alichapa kwenye vinaili isiyopitisha maji, ili mvua ikinyesha picha iwe paa. Mama akapata sura yake juu ya nyumba, na nyumba ikaacha kuvuja.

Haikuishia hapo. Reli ya kwenda Kisumu inapita katikati ya Kibera. JR akabandika macho ya wanawake kwenye mabehewa ya treni, na chini ya tuta la reli akaweka mabati yenye pua na midomo ya wanawake hao hao. Treni ikipita, macho yanafika juu ya midomo yake, na kwa sekunde chache sura nzima inakamilika mbele yako! Halafu treni inaondoka na macho. Nimeona kazi nyingi za ukutani kwenye vitabu na majarida, na sijaona nyingine iliyotumia ratiba ya treni kama gundi.

Mwaka 2016 JR huyo huyo alibandika picha kwenye piramidi ya kioo ya Louvre, Paris. Picha ya nini? Ya jengo lililoko nyuma ya piramidi! Ukisimama mahali panapotakiwa, piramidi inapotea.

Berlin walifanya la ajabu zaidi. Kasri lao la kifalme lilibomolewa kwa baruti mwaka 1950. Mwaka 1993 msanii wa Paris, Catherine Feff, akasimamia uchoraji wa turubai zenye sura ya kasri hilo kwa ukubwa wake halisi, zikatundikwa kwenye majukwaa ya chuma pale pale lilipokuwa. Watu wakaliona, wakalitamani, wakabishana. Mwaka 2002 bunge likapiga kura lijengwe upya, na leo limesimama kwa mawe! Turubai zilitangulia, jengo likafuata.

Kampuni ya Kodak ilikuwa na picha moja ya kuwaka ndani ya stesheni kuu ya treni ya New York: upana mita 18, kimo mita 5.5. Ilianza mwaka 1950 ikatolewa mwaka 1990, na katika miaka hiyo 40 zilipita picha 565. Lakini Kodak hiyo hiyo kwa miaka mingi ilipima rangi za picha zake kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ndiyo maana nyuso nyeusi zilitoka kiza tupu. Unajua nani waliolalamika hadi filamu ikarekebishwa? Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao! Rangi za kahawia za bidhaa zao zilikuwa hazitoki. Saluni inayochapa leo uso mweusi uking'aa kwa usahihi ukutani inafanya jambo ambalo lilichukua miongo kupatikana.

Nyumbani sasa. Kati ya mwaka 2008 na 2010 Celtel iligeuka Zain, na Zain ikageuka Airtel. Majina 3, ukuta ule ule! Mwishoni mwa mwaka 2024 Tigo nayo ikawa Yas, na vibanda vya mawakala nchi nzima vikaanza kuvaa upya. Kwaruza ukuta wa duka la zamani la vocha kwa ukucha na utahesabu historia ya simu Tanzania, tabaka kwa tabaka.

Jina lililofanya kazi kubwa zaidi katika bonde hili, kwa maoni yangu, si la simu. Ni Zuia Mbu! Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET uliuza vyandarua na dawa yake kwa jina hilo katika wilaya za Kilombero na Ulanga, madukani kama bidhaa nyingine yoyote yenye nembo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa, uwezekano wa kuishi uliongezeka kwa asilimia 27. Soma tena namba hiyo.

Na watafiti wa Ifakara wamewahi kuivalisha nyumba utepe! Ni utepe wa gunia uliotiwa dawa, unaofungwa kuzunguka chini ya paa, penye upenyo kati ya ukuta na bati ambapo mbu hupitia. Nyumba inapata pindo, mbu anakosa mlango.

Je, wajua picha ya ukutani inayotisha kuliko zote Tanzania? Ina mistari 2: X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na rangi ya X ikawa na uzito wake. X nyekundu, umeingia hifadhi ya zamani, bomoa bila fidia. X ya kijani, umo ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa, subiri fidia. Rangi moja ya kopo inatenganisha kilio na hundi!

Yale maandishi ya "Nyumba hii haiuzwi" nayo yana ndugu zake mbali. Kuta nyingi za Ufaransa hadi leo zina onyo la kukataza kubandika matangazo, likitaja sheria ya tarehe 29 Julai 1881. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 140 na bado inalinda plasta.

Mwaka 2007 jiji la São Paulo, Brazil, liliamka bila matangazo ya nje: sheria ilipiga marufuku yote, na mabango yapatayo 15,000 yakashushwa. Wakazi wakagundua majengo ambayo hawakujua yapo! Kinyume chake ni Pompeii ya Warumi: mlima ulipoufukia mji huo mwaka 79, kuta zake zilikuwa na matangazo ya uchaguzi zaidi ya 2,000, yamepakwa kwa brashi. "Mchagueni fulani" ina umri wa karibu miaka elfu mbili.

Watu wa pwani hawakungoja fleksi wachape kwa ukubwa. Duka la "Mali ya Abdulla" la Mombasa lilianza mwaka 1887 na likajipatia jina kwa kanga, kitambaa cha mita moja na nusu chenye pindo, mji na jina. Mpangilio huo ndio wa bango zuri: fremu, picha, maneno machache! Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1968, na mwaka huo huo wa 1968 hivi Edward Saidi Tingatinga akawa anachora wanyama wake kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ya baiskeli! Ikaenda hadi majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Siku hizi kitambaa huchapwa kwa wino ambao hauyeyuki. Ukipashwa moto wa nyuzi 200 hivi, unatoka kwenye ugumu na kuwa mvuke moja kwa moja, unazama ndani ya nyuzi za poliesta na kubaki humo. Namba na nembo za jezi nyingi zimeingia hivyo. Ipitishe kidole, hutaihisi.

Bango likishushwa, maisha yake ya pili yanaanza. Mgombea wa uchaguzi uliopita utamkuta amekuwa paa la banda la mama lishe, kizuizi cha mvua kwenye choo, kifuniko cha mzigo wa Fuso. Ila usilichome moto, nakusihi: PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu yako inakuwa asidi. Ile klorini ya chumvi ilikuwa imefungwa humo muda wote! Likunje, lipe kazi nyingine, au likate vipande uwafunike kuku.